Sitini na Tano Ina Njia Mbili

Kwanza mwandiko. Najua. Binti anayechapa jarida la vijana wa kanisa letu ameshaniambia kwamba herufi zangu zinafanana na kuku waliofukuzwa shambani, na kwamba atazinyoosha pamoja na tahajia. Niliacha shule darasa la sita huko Uvira, na ukurasa mmoja hunichukua Jumapili nzima. Mkiona sentensi imetulia vizuri, mjue ni yake. Zinazochechemea ni zangu. Naomba mtusamehe wote wawili.

Nimeombwa niwaandikie ninyi mnaotaka kuwa mafundi wa vigae, kwa sababu mimi ni mstaafu. Msicheke. Nina miaka ishirini na tano. Nimestaafu mwaka huu, 2019, bila hotuba wala saa ya ukutani, baada ya daktari wa kliniki kutazama picha ya magoti yangu na kuniuliza kama nimeleta kwa makosa picha ya babu. Miaka tisa nilipiga magoti juu ya zege bila kuvaa vitambaa vya magoti, kwa sababu niliamini vile ni vya wazee. Nilikuwa na akili nyingi sana. Sasa nauza vigae dukani hapa ugenini, mtaa wa Yeoville, nimekaa kwenye kiti chenye mto, na mafundi wenye magoti mazima wanakuja kuniuliza maswali.

Hilo ndilo somo la kwanza: vaeni vitambaa vya magoti. Somo la pili ni refu kidogo, na linahusu hesabu. Wale waliokimbilia ufundi ili kuikimbia hesabu nawapa pole. Imeshafika kabla yenu, inawangoja juu ya sakafu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Papa Kalume, mtu wa Bukavu, mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Hakuandika kitu chochote. Karatasi, alisema, ni za watu wanaotaka kusahau. Hesabu zote alizibeba kichwani, na zilizobaki alizifunga kwenye kamba. Kamba yenyewe ilikuwa na mafundo: vipimo vitatu, halafu vinne, halafu vitano. Ukiivuta ikawa pembetatu, pale vitatu vinapokutana na vinne unapata kona nyoofu, ya kweli, kuliko kona yoyote aliyokuachia mjenzi. Na mtaihitaji. Mimi nimefanya kazi nyumba nyingi za mtaa wa Observatory, zile za zamani za mlimani, na nawaambia kuta zao hazina kona. Zina maoni.

Mwaka mzima nilibeba kamba ile bila kuuliza inafanyaje kazi. Nilikuwa na haya. Mtu akinisemesha, niliangalia viatu vyake; kama hana viatu, niliangalia sakafu. Siku moja Papa alichoka kungoja swali langu akanijibu hivyo hivyo. Alichukua vipande vya vigae akapanga mraba wa tatu kwa tatu: tisa. Kando yake wa nne kwa nne: kumi na sita. Kisha akavichanganya vyote akapanga mraba mmoja mkubwa wa tano kwa tano, na hakikubaki hata kimoja.

"Umeona?" aliniuliza. "Tisa na kumi na sita zimeoana, zimezaa ishirini na tano. Si kila namba inaoana vizuri hivi, petit. Zingine ni kugombana tu." Petit ni mdogo kwa Kifaransa; ndivyo alivyoniita.

Ninyi siku hizi mna mashine ya taa nyekundu inayochora mstari ukutani. Nzuri sana. Fundi mmoja aliniletea ya kwake dukani kwa majivuno, akaiwasha, betri ikafa palepale, na umeme wa mtaa ulikuwa umekatwa hadi mchana. Nilimwazima kamba. Hakuuliza inafanyaje kazi, na mimi sikumwambia, maana kila mtu ana haki ya mwaka wake mmoja wa ujinga.

Sasa niwaeleze desturi ya mwiko, ule wa kupakia gundi, la sivyo hamtaelewa yaliyonipata.

Kwa Papa Kalume, msaidizi hakupewa mwiko wake na Papa. Alipewa na mwenye nyumba. Siku ya kwanza ya kazi Papa alimkabidhi mwenye nyumba mwiko mpya uliofungwa gazeti. Kazi moja, hata ndogo, ingeachwa aifanye msaidizi peke yake. Mwenye nyumba akiridhika, anampa msaidizi ule mwiko na kumwita fundi mbele ya watu, na tangu siku hiyo ni fundi, analipwa kama fundi, anajibu kama fundi. Asiporidhika, anaurudisha kwa Papa, na gazeti lake.

Mimi wangu ulikuwa umerudi mara mbili. Mara ya kwanza mwenye nyumba alisema vigae viko sawa, ila yeye alifikiri kijana ni bubu na hakujua amsifu kwa lugha gani. Mara ya pili niliweka vigae vya bafuni rangi ambayo mama mwenye nyumba hakuitaka. Alikuwa ameweka pakiti mbili mlangoni, nami nikachagua moja kimyakimya kwa sababu kuuliza kungekuwa kumsumbua.

"Safari hii ukirudi," Papa aliniambia kwenye teksi, abiria wote wakisikia, "nitakutafutia kazi ya kulinda magari pale supermaketi. Magari hayaulizi, nawe huulizi. Mtapendana."

Safari hiyo ilikuwa mwaka 2016, mwezi wa kumi na moja, nyumbani kwa Mama Kendi, Mkenya mmoja wa benki aliyekuwa amenunua nyumba ya zamani Observatory. Mafundi wa ukuta walipobomoa chumba kimoja walikuta chini ya zulia sakafu ya vigae vya saruji, vizito, vyeusi, kila kimoja na nyota nyeupe katikati. Havitengenezwi tena. Papa mwenyewe alivitoa kwa wiki nzima kama anayetoa mayai chini ya kuku mkali. Vingi vilikuwa vimeshapasuka zamani. Vizima vilibaki sitini na tano.

Mama Kendi alivitaka milangoni. Wiki ile walikuwa wanakuja wageni wawili: mama mkwe wake, ambaye angelala nyumba kubwa, na mama yake mzazi, aliyetaka kijumba cha nyuma kwa sababu ni kimya. Kila mlango ulikuwa na kibaraza cha zege. Katikati ya kila kibaraza alitaka mraba wa vigae vyenye nyota, kama mkeka, na pembeni kokoto.

Asubuhi ile Papa alikuwa anakwenda hospitali kuwekewa dawa ya macho. Aliniachia kazi mbele ya Mama Kendi kwa maneno machache: "Miraba miwili. Mkubwa mbele, mdogo nyuma. Usikate hata kimoja, usibakize hata kimoja."

Mama Kendi alikuwa na funguo za gari mkononi na suti ya kazini. "Una swali, kijana?"

"Hapana, Madam."

"Hakuna kabisa?"

"Hapana, Madam."

Nilijua lugha nne wakati ule, na katika zote neno nililolitamka vizuri kuliko mengine ni hilo.

Nikabaki na vigae sitini na tano na akili zangu. Nikatafuta mraba mkubwa kuliko yote unaoweza kutoka. Nane mara nane, sitini na nne. Kikabaki kimoja. Na kimoja ni nini? Moja mara moja ni moja. Ni mraba. Mkubwa mbele, mdogo nyuma, hakuna kilichokatwa, hakuna kilichobaki. Nilijiona profesa. Nilitamani Papa angekuwepo aone jinsi namba inavyotii.

Hapa ndugu zangu nisimame kidogo. Kanuni ya kazi inasema kabla hujachanganya gundi, panga vigae vikavu, pande zote, urudi nyuma hatua kumi utazame. Kila fundi anaijua. Na kila fundi anayo siku moja ambayo hesabu yake ilikuwa tamu mno hata akaona kupanga vikavu ni kupoteza muda. Mimi nilipanga vya mbele tu. Cha nyuma ningekipanga nini? Kilikuwa kimoja.

Saa tatu nilianza kupaka gundi mbele, mstari kwa mstari, kutoka kushoto kwenda kulia. Nilifanya kazi nzuri, lazima niseme. Pima maji haikuhama. Saa tisa na nusu nilimaliza vile sitini na vinne, nikachukua kile kimoja nikaenda nacho nyuma. Nilipima katikati ya kibaraza kutoka kila upande. Nilipima mara tatu, kwa sababu mimi ni fundi makini. Nikakibandika. Nikakifuta vumbi. Nikakaa kando yake kumngoja mwenye nyumba.

Mama Kendi alirudi saa kumi. Mbele alitabasamu. Akazunguka nyuma, akasimama, akatazama chini kwa muda mrefu.

"Hii ni nini?"

"Ni mraba, Madam."

"Naona ni mraba. Ni kigae kimoja."

"Moja mara moja..."

"Usinifundishe hesabu, mimi nafanya benki. Mama yangu anatoka Meru na mguu umevimba. Atasimama hapa na mguu mmoja kama korongo?"

Nikakifuta tena vumbi.

"Na mama ya bwanangu amewekewa sitini na nne. Unawajua hao wawili?"

"Hapana, Madam."

"Utawajua. Watakaa wiki tatu."

Akampigia Papa simu. Kisha akaingia ndani, na kupitia dirisha la jikoni nilimwona amechukua kutoka juu ya friji kitu kilichofungwa gazeti. Akakiweka mezani karibu na mlango, mahali mtu anapoweka kitu cha kurudisha. Nilianza kufikiria magari ya pale supermaketi, rangi zake.

Papa alifika na teksi, macho mekundu kwa dawa, akipapasa ukuta. Nilimweleza, yaani Mama Kendi alimweleza. Papa akainama akagusa kile kigae kimoja kwa kidole, akaguna.

"Umekiweka katikati kabisa," akasema.

"Ndiyo, Papa."

"Umepima?"

"Mara tatu."

"Sawa. Hesabu yako haina kosa, petit. Kosa ni kwamba uliifanya mara moja tu." Akanyanyuka kwa shida, akapapasa ukuta hadi mbele, sisi nyuma yake. "Lete maji na nyundo ya mpira. Tunang'oa vyote."

Mama Kendi akashika kichwa. Vigae sitini na vinne, vingine vimekaa kwenye gundi tangu saa tatu. Kila mmoja wetu alijua maana yake: viwili, vitatu, labda kumi vingepasuka, na duka la kununua vingine halipo duniani. Papa alikuwa ameshapiga goti moja.

Watu wenye haya huangalia chini. Ni ugonjwa, lakini una faida moja tu, na faida yenyewe niliipata siku ile. Nilikuwa naangalia sakafu kwa sababu sikuweza kuangalia uso wa mtu, na nikaona mstari wa mwisho wa chini, na mstari wa pembeni kulia. Vinane, na saba.

"Papa," nikasema.

Papa aligeuka kutazama nani amemwita.

"Papa, tusing'oe vyote. Tutoe mstari huu wa chini na huu wa pembeni. Nane na saba, kumi na tano."

"Halafu?"

"Na kile cha nyuma, kumi na sita. Nne mara nne. Hapa inabaki saba mara saba. Hatuigusi."

Mama Kendi akatoa simu akabonyeza. "Arobaini na tisa. Na kumi na sita." Akabonyeza tena, sijui kwa nini, labda benki ndivyo wanavyofanya. "Sitini na tano."

"Eish," akasema Papa, neno pekee la nchi hii alilolikubali. "Hii namba ina njia mbili na wewe umeingia ile ya choo. Lete waya."

Kutoa kigae ambacho gundi yake haijakomaa, msitumie patasi. Patasi inasukuma upande mmoja, kigae kinapasuka upande wa pili. Tumieni waya mwembamba. Papa alikuwa na waya wa gitaa aliopewa na mpiga gitaa wa kanisani, ambaye hadi leo analaumu hali ya hewa kwa waya wake uliopotea. Mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, mnamwagia maji kwenye nafasi, mnakereza taratibu chini ya kigae kama mnaokata sabuni ya kipande. Msivute juu. Mkono unaotaka kuvuta juu ufungieni mfukoni.

Mstari wa chini ulikuwa wa mwisho kubandikwa. Vinane vyake vilitoka kama vimeombwa. Vya pembeni vilizidi kukaza kila tulivyopanda, maana tulikuwa tunarudi nyuma kwenye saa. Tulipofika juu kabisa, kona ya kulia, kilibaki kimoja. Kile nilikibandika kabla ya saa nne asubuhi.

Papa hakuona vizuri. "Kimekaza," akasema.

Mimi nilikuwa napiga hesabu, safari hii zaidi ya mara moja. Kikivunjika, vinabaki sitini na vinne. Sitini na nne inatoa mraba mmoja tu na hakuna mwenzake. Sitini na tatu, hakuna ndoa. Sitini na mbili, hakuna. Mpaka ushuke sitini na moja, sita mara sita na tano mara tano, hapo ung'oe tena nusu ya sakafu na vigae vitatu vizima vibaki yatima. Kwa kigae kimoja. Nilimwambia Papa hayo yote, kwa sauti, na nadhani yalikuwa maneno mengi kuliko niliyomwambia miaka sita yote.

"Unaongea sana leo," akasema. "Kereza."

Tulikereza. Maji, waya, maji, waya. Waya ulinikata kidole na sikusema, tabia haiishi kwa siku moja. Kisha kitu kikasema tak, sote wawili tukaganda. Papa akaingiza kiganja chini yake akakinyanyua. Kilikuwa kizima. Isipokuwa kwenye kona moja, kipande kama punje ya hindi kilikuwa kimebaki kwenye gundi.

Papa hakukiona. Macho yake yalikuwa yanatoka machozi ya dawa. Mama Kendi alikuwa anajibu simu. Ningeweza kukigeuza, kukiweka ukingoni, kokoto zingekifunika na hakuna mtu angejua hadi leo. Nawaambia kwa sababu siku moja mtashika kigae kama hicho, na kokoto zitakuwa karibu sana.

Nikamngoja amalize simu.

"Madam, nina swali."

Akashusha simu kabisa.

"Hiki kimeumia kwenye kona. Nikiweke wapi?"

Alikichukua akakipima kwa mkono, akakigeuza kwenye jua. "Kiweke karibu na mlango," akasema. "Pale mama yangu atakapoweka viatu. Atakilaumu, atafurahi."

Tulikwangua gundi ya zamani, tukapanga vile kumi na sita vikavu kwanza, nikarudi hatua kumi, nikatazama, ndipo nikapaka. Jua la mwezi wa kumi na moja halina haraka, lilitungoja. Mbele, mraba wa saba kwa saba ulikuwa umesogea nusu kigae kutoka katikati, na hilo halina dawa. Mama Kendi aliweka vyungu vya maua upande ule. Viko pale hadi leo, na wageni wanausifu ubunifu wake.

Tulipokuwa tunaosha ndoo alitoka jikoni na kile kitu cha gazeti. Papa akanyoosha mkono kukipokea, kwa mazoea. Mama Kendi akampita.

"Nilikuwa nimeutoa kuurudisha," akaniambia. "Shika, fundi."

Nilitazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri.

Mama wawili walikuja. Mama mkwe alihesabu vigae vyake, akaenda nyuma kwa siri akahesabu vya mwenzake, akarudi ameridhika. Mama mzazi alisema vya kwake ni vichache lakini havijasogea pembeni kama vya watu wengine. Walikaa wiki tatu. Mama Kendi hakunipigia tena simu kuhusu hesabu.

Mwiko ule sasa umening'inia juu ya kaunta dukani. Magoti yameshindwa, lakini ule haujaniacha, na chini yake nina daftari. Mteja akiniambia idadi ya vigae, naitafutia njia zake kabla sijamjibu. Hamsini ni ndogo kuliko zote zenye njia mbili: mraba wa saba na wa moja, au wa tano na wa tano. Themanini na tano ni tisa na mbili, au saba na sita. Nyingi hazina hata moja, ndiyo maana watu hununua vigae vya ziada na kudhani ni kwa sababu ya kuvunjika. Juzi nimepata mia tatu ishirini na tano, na huyo ana njia tatu: kumi na nane na moja, kumi na saba na sita, kumi na tano na kumi. Nilifunga duka mapema siku hiyo kwa furaha. Bosi hakuielewa.

Yenye njia nne sijaipata. Nimetafuta miezi mitatu. Kama mmoja wenu anaijua, au akiikuta juu ya sakafu, aniandikie, hata kwa mwandiko mbaya kuliko wangu kama unawezekana. Mpeni karatasi binti wa jarida, au mlete dukani muisukume chini ya pakiti za vigae vyeupe, mimi ndiye ninayezihesabu. Na kama hamna namba, basi andikeni swali, lolote. Nitajibu. Nitachelewa, ila nitajibu.